Ukoo wa Wasio na Pembe

Mtoto wa tisa wa msimu ule alizaliwa Jumanne asubuhi, jua likiwa bado halijachoma. Nilimfuta kwa nyasi, nikamlaza kwa mgongo, nikafungua miguu ya nyuma nikatazama. Alikuwa na sura ya jike, lakini chini ya mkia palikuwa na kitu kidogo kama punje ya hindi, kitu ambacho jike hana. Nikamrudisha kwa mama yake, nikanawa mikono, nikaandika katika daftari: wa katikati. Hilo ni neno la mama yangu. Neno la chuoni ni refu, na hii ilikuwa mara ya tano msimu huo huo, sikutaka kuliandika tena.

Niseme kwanza mimi ni nani, ili msomaji asidhani anasoma maneno ya mtu wa kubahatisha. Nilivuka ziwa kwenda Kigoma nikiwa na suruali mbili. Nilibeba magunia bandarini miaka minne, nikajilipia masomo ya ufugaji mimi mwenyewe, bila mjomba, bila padri, bila mradi. Nikapata diploma. Niliporudi Kalemie nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nikafungua duka la dawa za mifugo, nikanunua pikipiki mpya, ambayo hadi leo hakuna mtu amepata kuisukuma barabarani. Diploma yangu imetundikwa dukani, ndani ya kioo. Watu wananiita Dokta. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha. Nikaacha, kwa sababu kazi ninayoifanya ni ya daktari, na hakuna mwingine anayeifanya mtaani kwetu.

Mbuzi walikuwa wa mama yangu. Aliteremka nao kutoka milimani, upande wa kusini, wakati vijiji vya huko vilipoanza kuhama. Watu wengine walikuja na magodoro na masufuria. Yeye alikuja na mbuzi kumi na mmoja na kibuyu cha maziwa. Ni mbuzi wafupi, wekundu, wenye mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani, na viwele ambavyo mbuzi wa kawaida wa hapa hana. Mbuzi wa kawaida wa hapa ni nyama na mahari. Hawa hukamuliwa. Kwao mama, mwanamke akifariki katika uzazi, mtoto alilelewa kwa maziwa yao, na kila nyumba ya ukoo wake ililinda majike wawili watatu kwa ajili hiyo tu. Mama mwenyewe alilelewa hivyo. Vijiji vilipotawanyika, mbuzi wengi waliliwa njiani. Nilizunguka milima ile kwa pikipiki wiki tatu, sikuwakuta tena. Wale kumi na mmoja walikuwa ndio waliobaki, au waliobaki kwa kadiri nijuavyo, na ninayojua si machache.

Nilijua thamani yao siku ya kwanza. Niliwapima, nikawaandika, kila mmoja ukurasa wake. Nilimweleza mama kwamba jambo hili lina jina, kuhifadhi aina, na kwamba katika mkoa mzima mwenye kuweza kulifanya ni mwanawe. Akasema vizuri.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja, majike watano hawakuwa na pembe, na hao ndio waliotoa maziwa zaidi. Hilo ni kweli na nililipima kwa kikombe kilekile kila asubuhi. Waliobaki walikuwa na pembe: majike wanne na mabeberu wawili. Nikaamua aina hii lazima iwe na alama moja ya kuijulisha, na alama hiyo iwe kutokuwa na pembe. Mbuzi asiye na pembe hagombani zizini, hachomi kiwele cha mwenzake, na katika picha anaonekana safi. Msimu wa kwanza, jike mmoja alizaa dume asiye na pembe. Nikamlea huyo. Alipokomaa nikampeleka kwa majike watano.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo.

“Papa,” aliniita. Mama wa kwetu humwita mwanawe Papa anapotaka asikilizwe, na husema njo pale mtu wa Kigoma angesema ndio. “Huyu haina pembe. Na huyu haina pembe. Ni watu wa ukoo moja. Unawaoesha?”

“Mama, mbuzi hawana ukoo.”

“Wako nao. Wenye pembe njo wanaoa wasio na pembe. Wasio na pembe peke yao, hapana. Mama yangu hakufanya, na mama yake hakufanya.”

“Walisoma wapi hao?”

Akatupa bua pembeni. “Hawakusoma,” akasema. “Walikamua.”

Kwangu hakulirudia neno hilo tena, siku ile wala baadaye.

Sitadanganya: chuoni tulifundishwa. Ilikuwa mistari miwili katika somo la uzazi, kwamba ukimpandisha beberu asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, baadhi ya watoto wa kike watazaliwa wakiwa si jike wala dume. Swali lilitoka kwenye mtihani na nililijibu sawasawa. Lakini mwalimu alikuwa akizungumzia mbuzi weupe wa Ulaya, na picha ubaoni ilikuwa ya mbuzi mweupe wa Ulaya akiwa amefungwa kengele. Haikunijia kwamba jambo la mbuzi yule laweza kuwa jambo la mbuzi wa mama yangu. Na kutoka kinywani mwa mama lilikuja likiwa limevaa nguo za mila, sikulitambua.

Msimu uliofuata wale majike watano walizaa wenye pembe na wasio na pembe, na mmoja tu wa katikati. Nilisema ni ajali. Dume mmoja alikuwa mzuri kupita wote, baba yake hana pembe, mama yake hana pembe, kifua kipana, mgongo kama ubao. Nikamchagua huyo awe baba wa zizi. Wenye pembe wote nikawauza, majike kwa mabeberu.

Mabeberu niliwahasi kwanza. Nilikuwa nimeleta koleo la kuhasi kutoka ng'ambo, koleo zuri ambalo halitoi damu, na sikumwachia mnunuzi hata mmoja aondoke na dume mzima. Nilitaka mtu yeyote katika mkoa huu anayetaka mbegu ya aina hii apite mlangoni kwangu. Niliona ni akili. Wafugaji wakubwa hufanya hivyo.

Watoto wa beberu yule mpya walipozaliwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na dalili ya pembe. Wote vichwa laini. Watu wa mradi mmoja walikuja na gari, wakapiga picha, wakasema hawajaona zizi lenye mbuzi wanaofanana vile. Nilizungumza nao Kifaransa mchana kutwa. Wakaagiza majike ishirini wachanga, wapewe akina mama wenye watoto wasio na maziwa. Nikasema watapatikana. Redioni niliongea pia, na mtaani watu walisimama kusikiliza.

Kisha nikaanza kuhesabu majike, na majike hawakuwapo. Kila msimu madume mengi, na katika waliobaki nusu ni wa katikati. Hawapati mimba, hawana maziwa. Wanakua wanene, wana ndevu, wananuka kama beberu na kukojoa kama jike. Kazi yao ni soko la nyama. Mchinjaji wa sokoni, ambaye tunafahamiana tangu utoto, alimpokea wa kwanza akamzungusha mara mbili.

“Dokta, huyu nimuite Papa ao Mama?”

“Muite nyama.”

“Nyama, sawa. Lakini wateja wanauliza. Kuna mama mmoja amekataa kununua, anasema akila huyu, bwana yake atamukimbia.”

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nikitazama mizani. Wakati ule nilikuwa na tabia hiyo, ya kutazama kitu kilicho karibu hadi mazungumzo yaishe.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya Jumanne na mtoto wa tisa. Nilifungua daftari tangu ukurasa wa kwanza nikasoma hadi wa mwisho. Jambo lilikuwa wazi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Nilikuwa na majike saba wazima, wote bila pembe, na wawili kati yao wazee. Nilikuwa na beberu mmoja ambaye kila msimu angeharibu nusu ya mabinti. Bila dume mwenye pembe wa damu ileile, zizi lingekwisha mikononi mwangu, nami nikiwa hai, nina afya, nina diploma. Nikitumia beberu wa kawaida wa hapa, watoto wangekuwa mbuzi wa kawaida wa hapa baada ya vizazi vichache, na kibuyu cha mama kingekauka. Nililijua hilo lote kwa wakati mmoja. Sikusikia kitu moyoni. Nilikunywa chai, nikaenda kufungua duka.

Faida ya kusoma ni kwamba unaandika. Katika daftari kulikuwa na kila mbuzi niliyemuuza na mtu aliyemchukua. Nilitumia siku kumi kuwafuata. Wengi walikuwa wameliwa, kwenye ndoa, kwenye matanga, siku ya Noeli. Niliowakuta hai walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amelala kivulini nyuma ya kanisa, mnene, mwekundu, mstari mweusi mgongoni, pembe zimekaa vizuri kama mikono iliyoinuliwa. Nilipiga magoti nikamshika katikati ya miguu. Kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Koleo lile halikosei. Wa pili na wa tatu walikuwa vilevile.

Ukurasa uliobaki ulikuwa wa jike mwenye pembe, aliyeuzwa kwa mama mmoja wa Katanika, kambi ya waliokimbia vijiji vyao, nje kidogo ya Kalemie. Nilikumbuka kwamba alipoondoka alikuwa na mimba ya beberu wangu wa kwanza asiye na pembe, aliyemfikia zizini bila mimi kupanga, yule ambaye watoto wake wengine walizaliwa na pembe. Kama alizaa dume, hakuna aliyemhasi, kwa sababu mhasi ni mimi.

Nilienda Katanika siku iliyofuata. Yule mama alikuwa amekimbia kutoka upande wa Nyunzu na wajukuu watatu, na nyumba yake ya turubai ameizungushia udongo hadi ikafanana na nyumba ya kukaa. Alikuwa akianika mihogo juu ya bati. Nyuma yake, kwenye kamba ya katani, alisimama beberu mwekundu mwenye pembe mbili. Alikuwa mzima. Niliona kwa mbali.

“Karibu, Dokta,” akasema. “Huku tumezoea watu wa miradi njo wanakuja na daftari.”

“Nimekuja kumwangalia beberu.”

“Mwangalie. Kuangalia hatukatazi.”

Nikamwambia nataka kumnunua. Nikataja kiasi ambacho hakuna mtu wa Katanika amewahi kutajiwa kwa mbuzi. Aliendelea kugeuza mihogo.

“Siuzi. Mama yake njo ananyonyesha huyu mujukuu wangu mudogo. Na huyu njo bwana wa nyumba.”

“Basi niazime. Miezi miwili. Nitampeleka kwangu kwa gari.”

“Aende kwako?” Aliinua kichwa, akawaita majirani wawili waliokuwa wakitwanga. “Bamama, musikie. Dokta anataka kubeba bwana yangu kwenye parseli yake, kwa nyumba yake. Si kule njo kuna lile koleo?”

“Njo kule,” mmoja akajibu, mchi ukiwa juu. “Mwanaume anaingia, anatoka dada.”

Wakacheka wote watatu, nami nikangoja. Wajinga hucheka, mtu aliyesoma hungoja, hivyo ndivyo nimekuwa nikiwaambia wengine. Walipomaliza nikamwambia kwamba sitamgusa beberu, na kwamba nina majike saba ya aina hii na hakuna dume mwingine duniani wa kuwafaa.

Mama yule akaacha kugeuza mihogo.

“Wale majike ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Hapana. Siku ile niliponunua, wewe ulikuwa unaandika. Mama yako njo alishika kichwa cha mbuzi, akanionyesha kukamua, akaniambia binti asiye na pembe usimupe mume asiye na pembe. Mambo ya kuoesha, sisi kwetu mtoto hazungumzi peke yake. Umulete yeye.”

Nina nyumba ya matofali, nina duka, nimesema redioni. Niliwasha pikipiki nikarudi.

Mama alikuwa akikamua. Nilimweleza kwa mpangilio, bila kuficha, hata habari ya mabeberu watatu niliowashika. Hakuacha kukamua. Alipomaliza alifunika kibuyu.

“Pembe ni mbili?”

“Mbili.”

“Mstari unafika kwenye mkia?”

“Unafika.”

Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisa. Aliketi upande kwenye pikipiki, kibuyu mapajani. Njia nzima nilifikiri labda atasema: nilikuambia. Nilikuwa nimejiandaa na jibu. Hakusema, na jibu likabaki kwangu, na sasa silikumbuki.

Pale Katanika waliketi juu ya mkeka, wao wawili. Mimi sikuitwa. Nilikaa kwenye jiwe pembeni, nikasikia nusu ya maneno. Yalikuwa ni maneno ya posa. Mama alisema sisi tuna mabinti saba, wameharibiwa na ndoa ya ndugu, wanatafuta bwana wa ukoo mwingine. Mama wa Katanika akajibu bwana yupo lakini hatoki nyumbani, kwa kuwa huko wanakotoka mabinti hao, wanaume hawapati heshima. Mama akasema ni kweli, hawapati. Wakanipitia kwa macho, wote wawili, kama mtu anavyopitia ukuta. Kisha wakapeana kibuyu, wakanywa.

Mapatano yalikuwa hivi. Majike yote saba yangehamia Katanika na kukaa huko. Binti wa kwanza wa kila jike angekuwa wa nyumba ile, na wanaofuata wa mama yangu. Asiye na pembe hangepewa asiye na pembe, na mtu asiye na mtoto mchanga wa kulisha hangeuziwa jike hata akija na gari. Daftari halikutajwa. Niliuliza kutoka kwenye jiwe langu ni nani atakayeandika vizazi.

“Wewe utaandika,” mama akasema. “Ukikuja.”

Tuliwahamisha siku tatu baadaye, kwa miguu, kando ya barabara. Mama alikuwa amefunga kitambaa chenye nguo zake. Akasema anabaki huko wiki mbili, kuwazoesha. Wiki mbili zikapita, na nyingine. Nilimtumia mkaa na unga wa bukari, ugali wa kwetu, na yeye alinitumia maziwa kwa mtu wa pikipiki.

Beberu wangu asiye na pembe, yule wa kifua kipana, nilimhasi mimi mwenyewe. Alisimama kimya. Nilibana upande wa kulia, nikahesabu, nikabana wa kushoto. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona mnyama aliyeumbwa vizuri kama yule, na aliyemchagua ni mimi, hilo litabaki kweli. Mchinjaji alimchukua mwisho wa mwezi. Watu wa mradi walipiga simu kuuliza majike ishirini. Niliwaambia zizi limehamishwa kwa sababu za kitaalamu. Nikawaeleza kwa Kifaransa kizuri, wakashukuru.

Asubuhi nilikuwa nikifagia zizi. Hakukuwa na kitu cha kufagia, lakini mikono ilikuwa imezoea. Wateja walipouliza mbuzi wamekwenda wapi nilijibu wako kwenye kituo cha Katanika, na hilo nalo si uongo.

Mwezi wa tano tangu wahamie mama alipiga simu, nikiwa dukani nauza dawa ya minyoo.

“Papa, yule mwekundu sana amezaa. Mapacha.”

“Ni nini?”

“Jike moja, dume moja. Dume itakuwa na pembe, nywele zimezunguka mahali zitatokea. Jike haina.”

“Umetazama chini ya mkia?”

“Nimetazama. Na mwenzangu ametazama. Ni jike ya kweli.”

Mteja alikuwa anangoja chenji, nikampa.

“Bado wangapi?” nikauliza.

“Bado sita. Tumbo zote ziko vizuri. Papa, chumvi imeisha huku.”

“Utarudi lini?”

“Hawa sita wakizaa, tutaona. Chumvi ile ya mawe, si ya unga.”

Nilifunga duka mchana, jambo ambalo silifanyi, nikafunga gunia la chumvi kwenye pikipiki. Nilipofika, mama alikuwa ameshika jike kwa shingo na mama wa Katanika anakamua, na mjukuu yule mdogo amekaa mkekani na kikombe cha plastiki. Kulikuwa na akina mama wengine wawili wamesimama na vichanga mgongoni, nisiowajua, nao wameshika vikombe. Mapacha walikuwa wamelala juu ya gunia. Niliandika: jike mmoja, dume mmoja, tarehe, jina la mama yao. Katika safu ya mwenye mali nilisita, kisha nikauliza mapatano yanasemaje kuhusu huyu wa kwanza.

“Jike ni yetu,” mama wa Katanika akasema, bila kugeuka. “Andika.”

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, hata pale, juu ya goti. Nilisimama karibu na gunia nikawatazama wale wawili, nikangoja nione kama nitasikia kitu moyoni. Mmoja wa wale akina mama akaniambia kwamba pikipiki yangu imeziba njia ya kwenda bombani, watu wa madumu hawapiti. Nikaenda kuisogeza.